Farumi ya Taa

Mabaharia wa mwambao huita farumi ule uzito utiwao ngamani ili chombo kisipinduke. Neno hilo ndilo lililonijia pale fundi kijana wa taa za jukwaani aliponiletea kitabu cha Kiingereza nimfasirie.

"Mwalimu, kila nikitia balasti mpya inaungua."

Ilikwisha ungua mara tatu katika msimu mmoja, na wenye ukumbi walitaka ya nne ikatwe katika ujira wake.

Mimi niliyejisomea mwenyewe nilijifunza mengi usiku ule. Globu ya taa hizo zizungukazo haina uzi. Ndani mna mvuke wa zebaki. Ikishawaka, umeme huzidi kupata njia, na usipozuiwa huongezeka hadi ukaiangamiza. Balasti ndiyo iuzuiayo. Lakini globu iliyopitisha saa zake, au iliyozimwa ikawashwa ingali moto, hukataa kuwaka, na kila jaribio huielemea balasti. Feni ikizibwa na vumbi na chumvi ya bahari, joto hubaki ndani. Umeme wa jenereta upandao na kushuka huzidisha taabu.

Akaikata taa umeme, akangoja ipoe, akaifungua. Feni imeganda, globu imevimba. Akabadilisha hivyo kwanza, kisha balasti. Taa ikadumu, na ujira wake ukasalimika.

Nasi watunzi, ubeti ukivunjika, hukimbilia kubadilisha kina, ilhali ubovu umo katika mishororo ya juu.

Katika tafsiri nimeandika farumi. Yeye angali husema balasti.