Mafuriko Huandaliwa Kiangazi

Mvua kubwa ikipita Ngara na Biharamulo, habari zinazofuata tunazijua kabla hazijasimuliwa. Bonde limejaa, nyanya zimeoza zikiwa kwenye miche, kabichi zimefukiwa na tope, migomba ya pembezoni imelala. Tunapeana pole, tunasema ni mipango ya Mungu, tunangoja maji yapungue. Sina ugomvi na mipango ya Mungu. Shaka yangu iko kwenye mwezi tunaoulaumu. Tunailaumu Aprili, ilhali Aprili humalizia tu kazi iliyofanywa Julai na Agosti, jua likiwaka na hakuna mtu mwenye habari na maji.

Mwaka wa huku kwetu una vipindi viwili vya mvua. Vuli huanza Septemba na kwenda hadi Desemba; masika hushika Machi na kutuachia Mei. Kati ya Juni na Agosti ni kiangazi, na hapo ndipo bustani zinaposhamiri. Ngara ni nchi ya vilima vilivyobanana na mabonde membamba; Biharamulo ardhi imelala zaidi, na maji yakituama hukaa. Kote kuwili, mlimani kukikauka watu hushuka bondeni na majembe, ndoo na keni za kumwagilia. Wanapanda nyanya, kabichi, vitunguu, bilinganya, nyanya chungu na mchicha. Kwa familia nyingi, sare za watoto, madaftari, nauli ya kwenda hospitali, hata mabati ya nyumba, hutoka kwenye matuta hayo.

Kwa nini bonde lina rutuba kuliko mlima? Kwa sababu ya tope. Mto ukifurika huacha udongo laini uliotoka juu, na udongo huo ndio unaofungisha kabichi kubwa hata kwa mtu asiye na fedha ya mbolea ya dukani. Kwa hiyo mafuriko yanayotuliza leo ndiyo yaliyotulisha jana. Anayelima bondeni ni mpangaji. Mwenye nyumba ni mto, na siku akirudi haombi ruhusa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ililitambua hilo ilipokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi tunaisikia sheria hiyo kama tishio la maofisa. Siku hizi naiona ni onyo la haki: hapo ulipo si pako peke yako.

Nenda bustanini siku mbili tatu baada ya maji kusimama, jua la saa sita likiwa kali. Utakuta mche wa nyanya umenyauka, majani yamelegea na kujikunja, sawasawa na mche uliokosa maji, na chini yake udongo umelowa chapachapa. Ung'oe uutazame. Mizizi imegeuka kahawia, ngozi yake inabaki vidoleni, inanuka uozo. Mizizi nayo hupumua. Maji yakijaza kila tundu la udongo, hewa inakosa nafasi, mizizi inakufa, na ikishakufa haiwezi kunyonya hata tone. Mmea unakufa kwa kiu ukiwa umesimama majini.

Nimeona na binadamu wa namna hiyo. Nimeona waliouza mavuno kwa mkupuo, fedha zikawajaa mkononi, na kabla mwaka haujaisha wakarudi kukopa debe la mahindi. Nimeona familia zenye kila kitu isipokuwa nafasi ya kukaa na kusemezana. Wingi si shibe. Ndiyo maana mkulima mzoefu wa bondeni, kabla hajawaza mbegu, huwaza mfereji. Anainua matuta, anachimba njia kati yake, anahakikisha kila tuta lina pa kutolea maji ya ziada. Kuyaleta maji ni rahisi. Kazi ni kuyapa njia ya kutokea.

Hata hivyo, mfereji wa bondeni una kikomo chake, kwa sababu mafuriko hayaanzii bondeni. Yanaanzia kwenye shamba lililolimwa kufuata mteremko, kwenye kilima kilichochomwa moto Agosti ili nyasi zichipue, kwenye pori lililogeuzwa mkaa. Sisi wa Ngara tuna ushahidi mzito wa jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na Benaco, hapa hapa Ngara, ikageuka mji wa maturubai. Watu wale walihitaji kupika, na kuni zilikuwa milimani. Walipoondoka Desemba 1996, vilima vingi vilibaki vipara. Siwalaumu, mwenye mtoto mwenye njaa hahesabu miti. Ila mlima nao hauulizi aliyekata alikuwa na sababu gani. Ukikosa mti na nyasi, tone la mvua halina wa kulipokea, nalo linashuka na udongo wote.

Dawa yake inajulikana, na kinachotakiwa zaidi ni nguvu za mikono. Miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia katikati, inatosha kukuonyesha mstari ulio sawa kwenye mteremko. Juu ya mstari huo unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, na mvua za kwanza zikidondoka unapanda majani tembo kwenye tuta. Wataalamu wa kilimo huliita kinga maji la fanya juu. Masika ikija, maji yanapunguza mwendo na kuzama ardhini, na mbuzi wako anapata malisho. Migomba yenye matandazo mazito, jinsi wazee wetu walivyoitunza kuzunguka nyumba, hufanya kazi hiyo hiyo bila kuitwa mradi. Lakini mtaro hauchimbwi Aprili. Unachimbwa kiangazi, mavuno yakiwa ndani na mikono ina nafasi.

Hapo ndipo ujirani unapopimwa. Mtaro ambao mtu wa juu hakuuchimba, hasara yake anaila wa chini. Wa juu atasema shamba ni lake, na ni kweli ni lake. Maji yanayotoka humo, je, ni ya nani? Pale Rusumo, mto Ruvubu ukishakutana na maji yanayotoka Rwanda, pana mtambo wa umeme wa megawati 80. Tanzania, Rwanda na Burundi zimekubaliana kugawana umeme huo sawa kwa sawa. Serikali tatu zimeweza kukaa meza moja kwa ajili ya mto mmoja. Sisi watu wawili wa kitongoji kimoja, tunaozikana na kuchangiana harusi, tunashindwa kuelewana mfereji upite wapi.

Wala hatuwezi kusema tunashtukizwa. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kwamba vuli ya mwaka ule ingekuja na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Tangazo lilijadiliwa vijiweni, likapita. Mvua zikaja kama zilivyotabiriwa katika sehemu nyingi za nchi, na Desemba 3 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliteremka Katesh, mkoani Manyara, na kuua watu zaidi ya 80. Hanang ni mbali na kwetu, na mlima ule una tabia zake. Lakini msiba ule ulituonyesha wote jinsi mlima unavyoweza kumshukia aliye chini. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi dalili inatufikia redioni kabla wingu halijaonekana, nasi bado tunangoja kulowa ndipo tuamini.

Baada ya maji kupita, ziko bustani zinazofufuka mapema na ziko zinazolala hadi mwaka unaofuata. Mara nyingi tofauti ni kitalu. Mwenye kitalu kimoja, tena bondeni, maji yakija yanamchukulia leo na kesho yake. Aliyebakiza miche nyumbani, kwenye kivuli cha migomba, anahitaji tu tope likauke kidogo. Asubuhi moja baada ya mvua nzito nilimkuta mama jirani akifungua mfereji kwa jembe, tope likiwa magotini. Nikamwambia, "Shikamoo mama, pole na bonde." Akajibu, "Marahaba mwanangu, nimeshapoa. Miche iko nyumbani." Akaendelea kuchimba. Alianza na mchicha, kwa sababu mchicha huchumwa baada ya wiki chache, ukampa fedha ya kusubirisha nyanya. Majani yaliyofunikwa na mafuriko hakuyapeleka sokoni. Alijua maji yale yamepita vyooni kabla ya kufika kwake.

Haya yote yasisemwe kwa wepesi. Wengi wanaolima kando ya mto ni wanawake na vijana waliokodi vipande, kwa sababu mlimani hawana ardhi. Kumwambia mtu huyo asogee mita 60 bila kumwonyesha pa kusogea ni kumtoa kwenye mafuriko na kumtia kwenye njaa. Kwa hiyo mzigo wa kwanza uwe wa sisi wenye mashamba ya juu. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo juu ya moto wa Agosti, juu ya kulima kufuata mteremko na juu ya njia za maji kati ya shamba na shamba. Ajenda hiyo iletwe wakati vumbi linatimka, maana masika ikishaanza kila mtu anashika lake.

Kiangazi kijacho, kabla hujashuka bondeni na keni, panda kwanza mlimani uangalie maji ya shambani kwako yanaelekea kwa nani. Ukishamjua, mfuate nyumbani kwake mkubaliane, kisha chimbeni mtaro pamoja kabla ya Septemba.