Katuba: ponti ya kuinua gari ndani ya lupango

Katika lupango moja la komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, kuna nguzo mbili za chuma zenye rangi ya buluu iliyobabuka. Ukipita barabarani unaona vichwa vyake tu juu ya ukuta wa matofali. Watoto wa avenyu wanazitumia kuelekeza wageni: pita kwa zile nguzo, halafu nyumba ya tatu. Ni ponti ya kuinua magari. Mwenye lupango ni fundi wa magari mwenye miaka hamsini na kitu, na kwa miaka 22 kazi yake aliifanya akiwa amelala mgongoni juu ya katoni.

Hakununua ponti kwa sababu alitajirika. Alinunua kwa sababu ya vidole viwili.

Ilikuwa mwezi wa pili, mvua ikinyesha karibu kila mchana. Hiace moja ya abiria ilikuja na mlio kwenye gurudumu la mbele. Fundi aliiinua kwa kriki, chini ya kriki akaweka kipande cha ubao, kama anavyofanya kila fundi wa lupango. Udongo mwekundu wa Lubumbashi ukikauka ni mgumu kama tofali, lakini ukilowa unameza. Ubao ulizama upande mmoja, kriki ikalala, gari likashuka. Kijana aliyekuwa anatoa boliti aliwahi kuvuta mwili wake wote isipokuwa mkono wa kushoto. Alivunjika vidole viwili.

Kijana huyo ni mtoto wa marehemu kaka yake. Alikuja kujifunza kazi baada ya masomo kukatika kwa kukosa pesa. Jioni ile mama yake alifika kutoka Ruashi, akamtazama mwanawe, akatazama na ile Hiace iliyoinama, kisha akasema neno moja tu: «Shemeji, sikukupa mtoto ili unirudishie nusu.» Akaondoka naye. Fundi hakujibu kitu. Atajibu nini?

Tangu siku hiyo akawa hana usingizi mzuri. Wenzake walimshauri achimbe shimo, kwani ndivyo wengi wanavyofanya: unachimba mtaro wa kina cha mtu, unajenga kuta za matofali, gari linapita juu na wewe unashuka chini. Ni bei nafuu, na halihitaji umeme. Lakini shimo analo tayari, alichimba miaka kumi iliyopita. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne linajaa maji, vyura wanaimba humo. Na wakati wa kiangazi kuna ubaya mwingine ambao watu hawauoni: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia ndani ya shimo. Fundi anayechomelea humo, au anayewasha sigara, amekaa juu ya bomu. Tena shimo halikusaidii kutoa gurudumu, kwa hiyo unarudi kwenye kriki ile ile.

Basi akaanza kutafuta ponti. Mpya kutoka China zipo kwa wauzaji wa mjini, lakini bei yake ilimzidi. Akasikia kwamba garaji moja iliyokuwa inafungwa inauza ya kwake, ya nguzo mbili, nguvu ya tani 4, kwa dola 1,100. Hizo zilikuwa karibu akiba yote ya nyumba, na ndani yake mlikuwa pesa za masomo ya binti yao anayeingia mwaka wa kwanza chuoni. Mama wa nyumba, anayeuza unga sokoni, ambaye nusu ya akiba hiyo ni jasho lake, aliuliza swali la haki kabisa: «Baba watoto, batoto batakula betoni?»

Walizungumza usiku mbili. Kilichomlainisha mama si hesabu ya faida. Alikumbuka ule mkono. Alikubali kwa sharti moja: masomo ya binti yalipwe kwanza, ponti isubiri hadi mwezi wa tano. Muuzaji alikubali kusubiri baada ya kupewa dola 200 za mwanzo na kuandikiana karatasi.

Kununua ponti iliyokwisha kutumika kunataka macho, na hapa fundi alionyesha akili. Hakutazama rangi. Alisoma kwanza kile kibao cha chuma kinachoandika uwezo wa mashine, maana Land Cruiser ya watu wa migodi ina zaidi ya tani mbili kabla hujapakia kitu. Akaomba ponti ipandishwe ikiwa na gari, ikaachwa juu nusu saa, akapiga alama ya chaki ili aone kama mikono itashuka yenyewe. Akapitisha kitambaa juu ya kamba za waya zinazofanya pande mbili zipande sawasawa. Uzi mmoja wa waya ukikatika, kitambaa kinanasa. Kilinasa mahali pawili, na kwa sababu hiyo alipunguziwa dola 150, ambazo alinunulia kamba mpya. Mwisho akasikiliza meno ya usalama. Mikono ikipanda, meno hayo yanalia «ka, ka, ka» kwenye kila nguzo. Yakilia upande mmoja tu, usinunue. Yalilia pande zote mbili.

Kulikuwa bado na mambo mawili, urefu na umeme. Paa la mabati la banda lake lilikuwa mita 3.2 kutoka chini. Ponti zenye boriti juu zinazidi hapo, lakini hii kamba zake zinapita chini, ndani ya bati lililofunika sakafu, na nguzo zina mita 2.8. Nguzo ziliingia. Gari refu likipandishwa hadi mwisho ndilo lingegonga mabati. Fundi alifunga uzi kwenye boriti ya paa, mwishoni akaninginiza kitambaa chekundu. Kitambaa kikigusa gari, mtu anasimamisha mashine. Ni kitu cha bure, na hadi leo hakuna bati lililotoboka.

Umeme ulikuwa mgumu zaidi. Mota ya ponti ilikuwa ya trifaze, na nyumba yake ina monofaze kama nyumba nyingi za Katuba. Kuomba laini mpya kungechukua miezi na pesa asizokuwa nazo. Akabadilisha mota, akaweka ya volti 220 yenye nguvu ya kilowati 2.2. Inafanya kazi, ila wakati wa kuanza inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake. Saa moja jioni, wakati kila nyumba inapika na umeme umedhoofika, mota inaguna tu, haizunguki. Kwa hiyo magari yote yanapandishwa asubuhi.

Lakini habari kubwa ya ponti hii ni betoni yake, na watu wanaotamani kununua mashine kama hiyo wangefaa wasikie hapa.

Karatasi ya mashine ilitaka betoni yenye unene wa sentimita 15 angalau. Fundi aliamua 20, kwa sababu ya udongo wetu. Mita 4.5 kwa 3, hizo ni meta kyubu 2.7, na kwa kipimo cha kilo 350 za simenti kwa kila meta kyubu moja ni mifuko 19 ya simenti ya Zambia. Akamwita masoni wa jirani, rafiki wa zamani, akaenda zake Kasumbalesa siku mbili kufuata vipuri. Aliporudi sakafu ilikuwa imekwisha, laini, inang'aa. Pembeni ilionekana sentimita 20 kamili.

Waliilowesha kila siku kwa juma zima. Mwezi wa sita hapa hakuna mvua na upepo mkavu unakausha betoni kabla haijapata nguvu, kwa hiyo walitandika magunia juu yake na kuyamwagia maji. Bomba lilikauka siku tatu katika hizo, watoto wakabeba bidoni kutoka kisima cha mtaa wa pili. Halafu wakangoja siku 28. Ni mwezi mzima wa banda kufungwa, na wateja wawili wa miaka mingi walihamia kwa fundi mwingine. Mmoja hajarudi.

Siku ya kutoboa matundu ya boliti, mashine ya kutoboa ilishuka sentimita 9, kisha ikazama ghafla. Ilikuwa imefika kwenye udongo. Akatoboa pengine, 10. Pengine, 8. Unene ulikuwa pembeni tu, katikati walikuwa hawakuchimba sawasawa. Na mifuko 19? Hapo kila mtu ana hadithi yake, na si vema kuhukumu mtu asiyekuwepo kujitetea.

Masoni alikuja, akasimama juu ya sakafu yake. «Yaya, hata lori za mizigo zinapita juu ya betoni kama hii.» Hapo alisema kweli, na ndilo kosa lenyewe. Lori linakandamiza chini tu. Ponti ya nguzo mbili haikandamizi tu: uzito umekaa mwishoni mwa mikono, ndani, kwa hiyo nguzo inataka kuinamia gari, na boliti za upande wa nje zinavutwa juu kama jino linalong'olewa. Betoni nyembamba haitapasuka siku ya kwanza. Itangoja hadi mtu awe chini. Fundi alimweleza kwa kutumia kijiti na kopo la nyanya, mbele ya watoto wote wa lupango. Masoni alinyamaza muda mrefu, kisha akasema atatoa kazi ya mikono bure, lakini simenti hana.

Wengine wangefunga boliti na kumwachia Mungu. Majirani walisema hivyo waziwazi: betoni imekauka, pesa imekwisha, unataka nini tena? Mkewe ndiye aliyeuliza kwa sauti ya chini kama vidole vya mtoto vilikuwa vya bure. Waliivunja sakafu kwa nyundo kwa siku nne. Mama alikopa kwenye likelemba ya sokoni, zamu yake ikaletwa mbele, na simenti ya pili ikanunuliwa. Safari hii fundi alishika mita mkononi akapima shimo kila hatua, na masoni hakukasirika. Wakaweka na vyuma. Siku nyingine 28.

Boliti ni kumi, tano kwa kila nguzo. Zilifungwa mwezi wa tisa, na baada ya juma mbili zikakazwa tena. Gari la kwanza kupandishwa lilikuwa Corolla yake mwenyewe, ya usukani wa kulia, ya zamani kuliko binti yake. Aliipandisha kiasi cha kiganja na nusu, akaisukuma kwa mikono miwili, akazunguka akitazama chini ya nguzo, akaishusha. Akarudia. Siku ile hakuna aliyeingia chini yake.

Mambo mengine ameyajua kwa kuumia. Siku moja mwalimu wa sekondari alileta gari lake kwa ajili ya ambreyaji. Liko juu, kazi imekwisha, umeme ukakatika saa tano asubuhi. Gari lilikuwa limekaa juu ya meno ya usalama, kama inavyotakiwa, hivyo halikuwa na hatari yoyote. Ila ili meno yaachie, sharti kwanza gari lipande kidogo, na bila mota halipandi. Grupu ndogo ya nyumba iliguna ikazimika. Mwalimu alirudi nyumbani kwa miguu. Umeme ulirudi saa kumi alfajiri, na fundi akatoka na blanketi mabegani kushusha gari. Tangu hapo, gari likimalizika linashuka palepale, hata kama chakula kiko mezani.

Mwezi wa kumi na mbili yule shemeji alikuja, bila kutangaza. Hakuketi. Alitaka kuona kitu kinachoshika gari. Fundi alimwonyesha meno, akapandisha Corolla ili asikie mlio. Akauliza: na hiki kikivunjika? Akaonyeshwa cha nguzo ya pili. Na kamba ikikatika? Meno yanabaki. Na umeme ukikatika? Akacheka kwanza yule fundi, ndipo akamweleza habari ya mwalimu. Mama akaenda kwenye boliti, akazihesabu kwa kidole moja moja hadi kumi, akauliza betoni iko chini kiasi gani. Fundi akamletea kipande cha sakafu ya kwanza, alichokuwa amekiweka kando ya ukuta, na mita.

Kijana anakuja Jumamosi tu kwa sasa. Kidole kimoja hakikunji vizuri, funguo ndogo zinamtoka mkononi, na baba yake mdogo anamwachia kazi ya kusimama kwenye kitufe na kusikiliza nguzo zote mbili. Lile shimo la zamani bado liko wazi nyuma ya banda. Mvua zimeanza, vyura wamerudi, na kifusi cha betoni iliyovunjwa kinangoja mtu wa kukisukumia humo.