Boya la Ilagala

Kifaa cha GPS kilionyesha tumefika, lakini boya halikuwepo. Nahodha alizima injini. Kwa mbali maji ya kahawia ya mto Malagarasi yalikuwa yakiingia Ziwa Tanganyika. Nilikuwa nimejiandaa kwa kazi ya asubuhi nzima: kuvuta kamba, kusugua utelezi kwenye vipimajoto, kubadilisha betri, kupakua takwimu za miezi minne, kisha kushusha kila kitu upya. Takwimu hizo zilikuwa nusu ya tasnifu yangu.

Boya tulilikuta mwaloni Ilagala, limegeuzwa chelezo cha wavu. Kamba ilikuwa imekatwa. Vipimajoto vilikuwa vimezama na nanga.

Nilishuka na hasira zangu. Mwenye wavu, mzee wa rika la babu yangu, aliitikia shikamoo na kunipisha nikae.

"Lilinasa wavu wangu usiku," alisema. "Hatukujua ni la nani. Lilikuwa linapima nini, mwanangu?"

"Joto la maji, mzee."

"Na lilikuwa linamwambia nani?"

Nilianza kueleza. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470. Maji ya joto hukaa juu, ya baridi hulala chini pamoja na virutubisho. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini yale ya chini hupanda. Hapo ndipo chakula kinachoishia kwa dagaa huanza. Mwaka 2003 watafiti walichapisha kwenye majarida ya Nature na Science kwamba ziwa linapata joto, maji yanachanganyika kidogo, na chakula kinapungua.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kusi tunaijua. Ungeuliza, ningekuonyesha mahali nyavu hazipiti."

Nilikuwa nimepeleka barua za vibali ofisi tatu. Mwaloni sikuwahi kukanyaga.

Boya jipya tulilishusha pale alipotuelekeza. Tasnifu yangu ina pengo la miezi minne, na nimeandika sababu yake. Siku hizi, nikitoka kulihudumia, napitia kwanza mwaloni. Mzee hunipokea kwa swali lilelile: "Haya, linasemaje?"

Namsomea namba, kuanzia za juu hadi za chini.