Tende Ndani ya Bekoni: Kitafunwa Kilichowatenganisha Mashosti wa Tengeru

Ukikaa Tengeru mwezi wa Desemba, pochi lazima ilie. Jumapili hii kipaimara, Jumamosi ijayo sendofu, na katikati hapo kuna besdei ya mtu ambaye huwezi kumkwepa. Na siku hizi shughuli haipimwi kwa pilau peke yake. Watu wanaangalia kwanza kinachopita kwenye sinia kabla chakula hakijafunguliwa: sambusa, kababu, mishikaki midogo, mabawa ya kuku. Hapo ndipo simu zinapotoka mifukoni, na hapo ndipo mwenye shughuli anapojulikana kama yuko vizuri au anaungaunga.

Ndiyo maana mrembo mmoja wa huko, anayefahamika mitandaoni kwa video zake fupi za mapishi, aliamua kwamba besdei yake ya kutimiza miaka 30 haitakuwa ya sambusa. Alitaka kitu ambacho mtaa haujakizoea. Akachagua tende: zijazwe jibini na korosho, zivikwe bekoni, zichomwe kijiti, ziokwe.

Kwa wenzetu kitafunwa hiki si kigeni. Waingereza wana cha aina hiyo, cha tende au plamu kavu, na wamekipa jina la utani la mashetani juu ya farasi. Wapolandi nao hufunga plamu kavu kwa bekoni, na Tengeru ina historia na Wapolandi: wakimbizi wapatao 5,000 waliletwa hapa kuanzia 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na makaburi yao yapo hadi leo. Lakini bibie huyu hakukitoa kwenye historia. Alikitoa kwenye simu yake, saa sita za usiku, akiwa kitandani.

Mapishi yenyewe hayana ugumu. Tende 30 kubwa, laini, zile za boksi. Kila moja inapasuliwa upande mmoja, kokwa inatolewa, ndani kunawekwa kipande kidogo cha jibini na korosho moja iliyokaangwa. Ukijaza sana, jibini lote litaishia kwenye sinia. Bekoni iwe nyembamba, vipande 15, kila kimoja kinakatwa katikati ili kitoshe tende mbili. Unazungusha, unachoma kijiti kilicholowekwa maji ili kisiungue, unapanga kwenye sinia la oveni. Nyuzi joto 200, dakika 20 hadi 25, unageuza mara moja katikati. Sukari usiweke, tende inatosha. Na usitoe mapema kwa sababu ya wenge la wageni: nyama ya nguruwe lazima iive mpaka ndani, maana minyoo ya tegu haina cha besdei wala harusi.

Umeme ulikatika saa tisa alasiri, kama kawaida yake siku ya shughuli. Shangazi yake hakubabaika. Akawasha mkaa, akaweka sufuria kubwa, moto chini na moto juu ya mfuniko, kama wanavyooka keki. Zilitoka na rangi ya kahawia iliyokolea, mafuta yakilia juu yake, harufu ikavuka uzio mpaka kwa majirani. Picha ya kwanza aliyoposti ilipigwa pale pale, juu ya kigoda.

Sinia lilipoanza kuzunguka, mambo yalikuwa moto. Watu wanachukua mbili mbili. Mjomba mmoja, Msabato, akashika mkono wa kijana aliyekuwa akigawa na kumuuliza taratibu, "Hiyo juu ni nini?" Akaambiwa. Akacheka, akarudisha, akaomba karanga. Yakaisha.

Kwa besti wa mwenye besdei hayakwenda hivyo. Huyu ni dada wa Usa River, Muislamu, rafiki yake tangu wako shule ya msingi. Wamekopeshana viatu, wamesukana nywele, wamefichiana siri ambazo hata waume zao hawazijui. Alifika amechelewa kidogo, daladala ilijaza. Sinia likapita mbele yake, akauliza ni nini. Kijana akamjibu, "Tende na nyama, dada."

Jibu lilikuwa la kweli, na halikuwa limekamilika. Dada akachukua moja, akala. Alikuwa anaisifia kwa sauti wakati mtu wa meza ya pili alipodakia, huku anacheka: "Kumbe na wewe kitimoto unaigonga!"

Meza ikanyamaza. Dada aliinuka, akaenda bombani nyuma ya nyumba, akasukutua kinywa muda mrefu. Hakugombana na mtu. Alirudi, akachukua pochi yake, akamwambia mwenye shughuli, "Hepi besdei, shosti," akaondoka kabla ya keki kukatwa.

Kwa wiki nzima mtaa uligawanyika. Wa kwanza walisema dada kakuza mambo, kwani hakujua alichokula. Wengine wakasema mgeni ana mdomo, angeuliza vizuri. Wengine wakamtupia lawama kijana wa sinia, maskini ya Mungu, aliyelipwa nauli na soda.

Ila ukitulia, utaona tatizo lilipo. Tende si kitafunwa tu kwa Muislamu. Ndiyo kinachofungua kinywa chake jioni ya Ramadhani, ndicho anachokipokea kwa mgeni bila kuuliza maswali. Ukiweka kababu mbele yake, atauliza nyama gani, nani kachinja. Ukiweka tende, ulinzi wote unashuka. Sasa hapo ndipo bekoni ilipokaa. Kile anachokiamini kuliko vyote kilivikwa kile asichokigusa kabisa.

Na sisi Watanzania tuna mazoea mengine. Nguruwe tumempa majina mpaka yamezidi: kitimoto, mdudu, mbuzi katoliki. Tunaagiza kwa mafumbo, tunacheka, tunaendelea. Baa hiyo haina shida, kila aliyekaa anajua alichofuata. Lakini nyumbani kwa mtu, kwenye shughuli yenye Mlutheri, Msabato na Muislamu kwenye hema moja, fumbo linageuka mtego. Wazee wetu walilijua hili bila semina. Kwenye shughuli nyingi wenye ng'ombe ni Wakristo, lakini Muislamu ndiye anaitwa kuchinja, ili kila aliyealikwa ale bila wasiwasi. Hakuna aliyeona amedhalilika.

Siku ya nane, mrembo wetu alipanda daladala kwenda Usa River. Hakuposti, hakutuma ujumbe wa sauti wa dakika saba. Alimkuta mama wa shosti wake barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapa."

Alikaa, akasaidia kuchambua. Yule mama hakumzungusha. Alimwambia kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi, hilo binti yake analifahamu, na wala hakulia kwa ajili ya hilo. "Amelia kwa sababu wewe umekula futari kwenye nyumba hii. Umekaa kwenye mkeka huu miaka mingapi? Ulipokuwa unapika, hukumkumbuka?"

Bibie hakuwa na jibu. Alikumbuka kila kitu siku ile: rangi ya maputo, pembe ya kupigia picha, hata vijiti vyenye bendera ndogo. Mtu mmoja tu ndiye aliyemsahau, na alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya wageni.

Shosti alitoka ndani baadaye, akamsalimia, wakanywa chai. Hawakukumbatiana kama kwenye tamthilia. Waliongea habari za bei ya viazi na mtoto wa jirani anayeota meno. Lakini waliongea.

Pasaka iliyofuata kulikuwa na ubatizo nyumbani kwa mrembo, na tende zilirudi. Safari hii alianza na za wote: zimejazwa korosho na nazi iliyokunwa, hazina nyama kabisa, zimeandaliwa kwa kisu chao na sinia lao lililonunuliwa jipya. Zikafunikwa na kuwekwa chumba kingine kabla bekoni haijaingia jikoni. Za bekoni zilikaa meza ya peke yake, mwisho wa hema, na kikaratasi kimesimama mbele yake kwa herufi kubwa: NYAMA YA NGURUWE. Si kitimoto, si mdudu. Na kijana wa sinia alipewa sentensi moja ya kusema kwa kila mtu, hata asipoulizwa.

Kuna waliolalamika kwamba karatasi ile inaharibu muonekano wa picha. Huenda ni kweli. Sinia la bekoni liliisha vilevile, tena haraka, maana wenye kuipenda waliifuata wenyewe.

Shosti alikuja na mama yake. Alipofika meza ya tende za nazi, aliziangalia kidogo, akamuuliza mwenyeji mwenyewe, macho kwa macho, "Hizi?"

"Hizi nimezitengeneza mimi, kabla ya kitu kingine chochote. Sinia jipya, kisu kipya."

Dada hakuchukua. Alisema atakunywa soda kwanza. Mama yake ndiye aliyechukua moja, akaitafuna taratibu, akachukua ya pili, akaifunga kwenye karatasi na kuitia kwenye pochi ya binti yake.

Kwa hiyo kama una shughuli mwezi huu na umeipenda hii ya tende, pika, ni tamu kweli. Ila kabla hujanunua bekoni, pitia orodha ya wageni wako jina kwa jina. Halafu chochote utakachokificha ndani ya tende, usikifiche mdomoni.