Santuri ya Kudumu Nyumbani



Miongoni mwa vitu alivyotuachia marehemu baba nyumbani Msambweni ni sahani za santuri zenye kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri. Huyo ndiye ambaye kisomo chake cha Qur'ani nzima, kwa tartili, kilitolewa katika sahani mwaka 1961, ukawa msahafu wa kwanza wa sauti. Sahani zetu zingali nzima. Santuri yenyewe ndiyo iliyoliwa na chumvi ya bahari. Mama, ambaye macho yake hayaoni tena maandishi, aliniomba nimtafutie nyingine.

Vijana wa nyumbani walistaajabu: simu ina wasomaji wote, santuri ya nini? Swali lao si la kudharauliwa. Lakini mama hakupata kukaa chuoni miaka mingi kama ndugu zake wanaume. Makharija yake aliyasahihisha kando ya santuri ile, akiinua sindano na kuirudisha kwenye aya ile ile mpaka ulimi ukakubali. Kwake yeye sahani hizo ni mwalimu.

Basi nikakusudia kununua mara moja tu, kwani kununua kitu hafifu kila mara ni israfu. Fundi mmoja wa redio pale Ukunda alinifunza mambo matatu ya kutazama.

La kwanza ni uzito wa sindano. Santuri njema ina kizani nyuma ya mkono wake, ili sindano iguse sahani kwa uzito wa gramu mbili hivi. Nyingi za zile ndogo za sanduku hazina kizani. Sindano hulemea na kuichimba sahani.

La pili ni mwendo. Sahani za namna hii huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Mkanda wa mpira ukilegea, sauti ya msomaji huyumba, na madda hazikai katika vipimo vyake. Sahani nzito za kale, mfano wa zile alizorikodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, huzunguka mara 78, nazo zataka sindano nene zaidi.

La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni vipuri. Kitu hudumu maisha kwa sababu hutengenezeka, si kwa sababu hakiharibiki. Uliza kama sindano na mkanda vingali vikiuzwa kabla ya kuuliza bei.

Niliyoipata imekwisha kutumika, wala si ya fahari, lakini sifa hizo tatu inazo. Tumeiweka mbali na dirisha la upande wa bahari na kuifunika kitambaa. Sahani husimamishwa wima, kwani zikirundikwa kwenye joto hupinda, na unyevu wa masika hutia ukungu makasha yake. Na isomwapo Qur'ani, mazungumzo hukoma. Kusikiliza nako kuna adabu zake.

Dada zangu, Ramadhani ikaribiapo nyumba zetu husafishwa, na vitu vya wazee hutolewa nje kama takataka au huuzwa kwa wapita njia. Muulizeni kwanza mwenyewe: hiki kilikufunza nini? Huenda mkakuta elimu ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu walio hai, na awarehemu waliotutangulia. Amin.