Jedwali la Tano
Naandika haya kabla hajayasema mtu mwingine. Namba zilizoharibu kisima cha kijijini kwetu, wilaya ya Micheweni, nilizitunga mimi. Nilizitunga chumbani kwangu Izmir, Uturuki, muhula wa mwisho wa masomo ya uhandisi wa maji.

Msimamizi wa tasnifu yangu alitaka jaribio la kuvuta maji kisimani humo: pampu ivute usiku na mchana, kina kipimwe kila saa. Nauli ya kurudi Pemba sikuwa nayo. Nikampigia simu ami, akakubali kushusha kamba yenye jiwe kisimani. Kesho yake akaniuliza: "Mwanangu, nikupimie maji yakijaa au yakipwa? Na sasa ni bamvua, kisima hiki siku za bamvua huwa na munyu kidogo."

Sikumjibu. Swali lake lilitaka vipimo vya bamvua na vya maji mafu, na tarehe ya kukabidhi ilikuwa imeshafika mlangoni. Nikajaza jedwali la tano kwa kukisia: maji ni mengi, kina kinashuka sentimita 10 tu. Habari ya munyu sikuiandika kabisa.

Anayeijua Micheweni anajua kwamba upande ule ni maweni, si udongo wa mikarafuu kama wa magharibi. Mvua hupenya kwenye mawe, na maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari humo humo ardhini. Kanuni ya Ghyben na Herzberg, niliyoieleza vizuri sana katika sura ya pili, inasema kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 nyingine chini yake. Ukiyashusha maji nusu mita kwa kuvuta mfululizo, chumvi inaweza kupanda kuelekea mdomo wa pampu kwa mita 20. Kwa hiyo kukosea sentimita chache kwenye jedwali lile halikuwa jambo dogo, na mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo kuliko wote.

Nikatetea tasnifu, nikasifiwa. Mahafali tukarusha kofia, mama akaisambaza picha kwa ukoo mzima. Nani husoma tasnifu ya mwanafunzi? Hivyo ndivyo nilivyojituliza.

Kumbe walisoma. Wafadhili wa pampu ya jua waliuliza kama upo utafiti wowote, na kamati ya maji ikajibu kwa fahari kwamba upo, wa kijana wetu. Pampu ikachaguliwa kwa jedwali langu. Siku ya ufunguzi nilikuwa nimesharudi, nikapewa kiti cha mbele. Nafasi ya kusema ilikuwepo. Nikala pilau.

Kaskazi ya kwanza haikwisha, jirani akaniletea kikombe cha chai. "Onja, mhandisi." Nikaonja. Chumvi tupu. Akaniambia hata sabuni haitoi povu, na nguo nyeupe zinakauka zikiwa ngumu kama turubai. Ndipo nikaenda na futi kamba, nikapima nilichopaswa kupima tangu mwanzo: maji yamepwa, pampu inavuta, kina kimeshuka zaidi ya nusu mita.

Na hata hapo sikusema. Watu walilaumu mvua haba na mabadiliko ya tabianchi, nami nikaitikia, tena nikaongeza maneno ya kitaalamu. Hilo linanitia aibu kuliko jedwali lenyewe, maana la jedwali nililifanya mbali nao, na hili nililifanya usoni kwao.

Mwishowe niliungama mbele ya kamati baada ya sala ya Ijumaa. Ami alikuwepo, hakusema neno. Pampu imeng'olewa, iko stoo. Maji ya kisima bado hayajawa matamu, na wanawake wanafuata maji kijiji cha pili.

Chuo nimekiandikia kiiondoe tasnifu ile, lakini hadi leo imo maktabani, na nakala zake zimeshapita mikono mingi hapa Pemba. Kama unayo, jedwali la tano usilitumie.