MACHO MEKUNDU SI USHAHIDI, AFANDE!

Leo naomba tuziache kidogo zile habari zetu za mapenzi, tuzungumzie macho. Si macho ya kurembua, la hasha! Nazungumzia macho mekundu, yale ambayo mtu akikutana nayo barabarani anasema moja kwa moja: "Huyu kishakula msuba."

Mimi ni mtoto wa Ruvuma. Nilipokwenda nyumbani kumsalimia mjomba kule Mbamba Bay, nilimkuta binamu yangu ni bosi wa pikipiki. Kazi yake ni usipa. Kama hujafika Ziwa Nyasa, usipa ni wale dagaa wa kwetu wanaovuliwa usiku wa giza kwa taa. Saa tisa usiku jamaa yuko ufukweni, kakaa kwenye moshi wa moto wa kuota, anasubiri mitumbwi. Kukipambazuka anafunga magunia nyuma ya pikipiki na kuanza kupanda kwenda Mbinga. Ni kilometa 66, siku hizi lami tupu, lakini kona zake, weee! Unatoka ziwani, mita 470 na ushee juu ya usawa wa bahari, unapanda milima ya Umatengo mpaka unavuka mita 1,200. Sasa niambie, mtu aliyekesha hivyo macho yake yatakuwa na rangi gani?

Siku hiyo nilikuwa nimepakiwa juu ya magunia kama kuku wa mnada. Tukasimamishwa na askari, mahali sitapataja. Binamu akaambiwa apulize kile kidude. Akapuliza. Sifuri! Nikajua tumepona. Kumbe ndiyo kwanza mambo yanaanza.

"Sifuri? Basi hii ni bangi. Macho hayadanganyi, kijana."

"Afande, nimekesha kwenye usipa."

"Wote mnasemaga hivyo. Shuka!"

Akalala ndani usiku ule. Usipa wakaoza, na mtaji wa watu ukaenda na maji. Lakini kilichoniuma zaidi ni hiki: tukiwa bado tunabembeleza pale, akapita mshikaji mmoja ambaye kijiwe kizima kinajua kwamba hawashi pikipiki kabla hajawasha msokoto. Yule bwana ana chupa ndogo ya dawa ya matone, macho yake meupe kama ya bibi harusi. Naye akapuliza. Sifuri. "Shikamoo afande!" "Marahaba, nenda salama." Akateremka zake kwenye zile kona, nyuma kapakia mama mwenye mtoto mgongoni. Walifika salama, Mungu mkubwa.

Tangu siku ile jambo hili limenikaa kichwani, nikaanza kulichimba. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikusahau kitu. Inakataza kuendesha ukiwa umezidiwa na pombe au dawa za kulevya, vyote viwili. Kwenye pombe ikaweka na namba kabisa: miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na dereva wa gari la biashara hatakiwi kuwa na hata tone. Kwenye bangi, namba hakuna. Na kile kidude kinanusa pombe tu. Uvute shamba zima, kitakuandikia sifuri bila aibu. Hapo katikati anabaki askari na macho yake mawili. Kama hakufundishwa kutazama, atatazama nini? Rasta, suruali iliyochanika, na wekundu wa macho.

Wenzetu wa Los Angeles, Marekani, walikutana na kasheshe hili hili miaka ya 1970. Dereva anapepesuka, kipimo kinasema sifuri, wanaachia. Masajini wawili, Dick Studdard wa trafiki na Len Leeds wa kitengo cha dawa za kulevya, wakakaa na madaktari, na mwaka 1979 jeshi lao likautambua rasmi mpango wa kuwafunza askari kumtambua mtu aliyelewa kitu kisichokuwa pombe. Leo ni utaratibu wa hatua 12, na darasa lake ni siku 9 kabla ya mazoezi ya vitendo.

Hebu uone uhondo wenyewe. Askari anachukua kalamu na kuipitisha taratibu mbele ya macho yako, kushoto na kulia. Mwenye pombe kichwani, mboni zinarukaruka kama redio inayotafuta stesheni. Mwenye bangi peke yake hazirukiruki! Ila ukimletea kidole karibu na pua, macho yake yanashindwa kukutana katikati. Mapigo ya moyo yanapimwa mara 3, si mara 1, kwa sababu hata mimi ukinishika ghafla moyo unapiga ngoma. Unatembea hatua 9 kwenye mstari, kisigino kwa kidole, unageuka na kurudi. Unasimama mguu mmoja kwa sekunde 30. Unaingizwa chumba chenye giza, unamulikwa tochi ndogo, mboni inapimwa ukubwa. Wekundu wa macho nao umo, sikatai, lakini ni alama moja katika kundi. Mwisho kabisa ndipo inachukuliwa damu au mkojo.

Sasa usije ukaniambia eti basi tuwalete Wamarekani, mambo yaishe. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa San Diego, ambako watu walipewa sigara za bangi, wengine wakapewa bangi ya uongo isiyo na stimu, halafu askari mabingwa wakawajaribu kwa vile vipimo vya kutembea na kusimama. Waliovuta kweli, 81 katika kila 100 walionekana wamelewa. Waliovuta ya uongo je? 49 katika 100! Karibu nusu ya watu wazima wa akili waliangushwa na mguu mmoja. Na hao ni mabingwa. Mnyonge aliyekesha ufukweni atapona kweli mbele ya askari asiyefundishwa?

Ndiyo maana nasema darasa lisiishie kwa trafiki. Mganga wa zamu naye akae, kwa kuwa pombe inapungua mwilini kila saa, na damu ikichelewa kutolewa namba inashuka. Hakimu naye akae. Mkojo unaweza kuonyesha bangi siku kadhaa baada ya kuvutwa, kwa mvutaji sugu hata wiki. Kwa hiyo karatasi ya mkojo inasema ulivuta, haisemi kwamba ulikuwa na stimu ukiwa juu ya pikipiki. Sampuli yenyewe inakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake haiko Mbinga wala Mbamba Bay. Huku nyuma kijana anasubiri.

Na wale wa dawa za kulevya wenye sheria yao ya mwaka 2015 wanatafuta mzigo: gunia, shamba, mtumbwi unaovuka ziwa. Kazi nzuri. Lakini aliyekwisha kuumeza mzigo na sasa anashika usukani wa lori la makaa ya mawe ya Ngaka, huyo hana gunia la kupekuliwa. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, na dereva mlevi akapungukiwa mahali pa kuficha kinywaji. Msokoto unakaa nyuma ya sikio.

Vifaa vya kuanzia ni kalamu, tochi ndogo, saa ya mkononi, mstari wa chaki sakafuni na chumba kinachofungika dirisha. Vyote vinapatikana dukani Mbinga mjini, tena bila kuagiza. Kinachokosekana ni mwalimu na siku 9, na sijawahi kusikia semina ya siku 9 yenye posho ikakosa watu.